Mwiba Ndani ya Kiti cha Pweza

Haya ndiyo niliyoyazungumza usiku wa Ijumaa baada ya Isha, pale Mkunguni mbele ya Ngome, Lamu. Waliokuwa baharini na walioko Mombasa wameomba yaandikwe. Nimeyaacha kama yalivyotoka kinywani, nikatoa kikohozi tu. Picha sikuziweka. Hata waliokuwapo hawakuziona vizuri, maana upepo wa kusi ulikuwa ukicheza na ile shuka tuliyoitundika ukutani.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, masharifu, walimu walionifunza chuoni, mama zangu mlioko upande wa baraza, vijana, na nyinyi watoto ambao saa hizi mngekuwa mmelala: ahsanteni kwa kuja. Ami, wewe mwenye punda hapo chini ya mkungu, mrudishe nyuma kidogo. Akianza kulia huyo, hakuna kipaza sauti kitakachomshinda.

Nianze na swali la shangazi yangu. Kila nirudipo hapa Amu huniuliza: "Wewe daktari gani, mbona hatujakuona ukimdunga mtu sindano?" Namwambia, shangazi, mimi ni mtafiti. Kutwa niko kwenye hadubini, natazama mshipa wa fahamu uliojeruhiwa na jinsi askari wa mwili wanavyouingia. Naye huniuliza: "Wakishaingia?"

Wakishaingia! Wallahi, kazi yangu yote imo ndani ya neno hilo la shangazi. Wakishaingia wanafanya nini? Wanajenga au wanabomoa? Nimekuja kuwaambieni kwamba wanafanya yote mawili, na kwamba asiyejua wanafanya lipi, saa ipi na mahali gani, akitia mkono wake ataharibu.

Nani hapa hajawahi kuchomwa na mwiba wa samaki taa? Naona mikono ya wavuvi. Mguu ukavimba, ukawa mwekundu, ukapiga kama ngoma usiku kucha. Ule uvimbe ni nini? Ni sumu peke yake? Sikilizeni.

Mwaka 1882 alikuwako mtaalamu mmoja kutoka dola ya Urusi, Elie Metchnikoff, akikaa Messina, katika kisiwa cha Sicily, mji wa bandari kama huu wetu. Kazi yake ilikuwa kuchunguza wanyama wadogo wa baharini. Akachukua vitoto vya kiti cha pweza. Watoto, mnakijua kiti cha pweza? Ndicho hicho mnachokiokota maji yakipwa, chenye vidole vitano. Basi kikiwa kichanga kabisa hakina umbo hilo, nacho ni kama kioo, unaona mpaka ndani. Metchnikoff akakichomeka mwiba mdogo wa mti. Usiku ule usingizi haukumjia. Alfajiri akatazama, akakuta chembe hai ndogo ndogo zimeuzunguka ule mwiba pande zote, zinajaribu kuula.

Hakuna aliyeziita. Kiti cha pweza hakina ubongo wa kutoa amri. Mwiba umeingia, walaji wamekuja. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich. Sisi nasi tunazo chembe hizo, nami nitaziita seli walaji. Kwa hiyo mguu wako unapovimba, bwana mvuvi, kuna kazi inayofanyika ndani yake. Kuna watu wako kazini.

Sasa tuingie kwenye mshipa wa fahamu. Yuko fundi mmoja wa majahazi wa Matondoni. Jina lake silitaji kwa kuwa hakunipa ruhusa, na kwa kuwa nikilitaja atanidai kahawa mwaka mzima. Siku moja tezo ilimteleza ikamkata mkono, chini ya kisugudi. Mshipa wa fahamu unaokwenda kidole kidogo ukakatika. Daktari wa upasuaji akaushona vizuri. Wiki mbili baadaye fundi alinijia na ghadhabu: "Umeshonwa, lakini kidole hakisikii kitu. Hata nikikitia kwenye chai ya moto."

Nikamwambia, fundi, kwanza usikitie kwenye chai ya moto. Pili, kushona si kuunganisha nyuzi zenyewe. Mshipa wa fahamu ni mfano wa kamba yenye maelfu ya nyuzi, na kila uzi ni mkono mrefu wa seli iliyokaa huku kwenye uti wa mgongo au kando yake. Ukikatwa, upande wote ulio mbali na seli hufa, kutoka pale pa jeraha mpaka ncha ya kidole. Mwingereza Augustus Waller aliliona hilo mwaka 1850 katika ulimi wa chura. Daktari ameshona ganda la kamba. Nyuzi mpya lazima ziote upya kutoka juu, zitambae ndani ya ganda lile, na mwendo wao ni kama milimita 1 kwa siku.

Milimita moja! Kobe angezicheka.

Tukapima kwa utepe wake mwenyewe wa kupimia mbao. Kutoka kwenye kovu mpaka ncha ya kidole ni sentimita 28. Hesabuni. Siku 280. Mimba kamili.

Basi kila mwezi akawa anakuja. Namgongagonga kwa ncha ya kidole juu ya njia ya mshipa, na palipofika nyuzi changa anasikia kitu kama siafu wanamtembelea mpaka kidoleni. Kipimo hiki kiliandikwa mwaka 1915 na Mfaransa Jules Tinel, na mwaka huo huo na Mjerumani Paul Hoffmann, kila mmoja kivyake, nchi zao zikiuana vitani. Hakihitaji umeme wala mashine. Natia alama ya wino pale pa siafu. Mwezi wa pili alama nyingine, chini kidogo. Mwezi wa tatu, nyingine. Mkono wa fundi ukawa umechorwa kama ukuta wa gati unaoonyesha bamvua zilizopita.

Siku moja akaniuliza swali ambalo wanafunzi wangu wa chuo kikuu hawajawahi kuniuliza. "Hizo nyuzi zafuata ndia gani, na ile kamba iliyokufa ingalimo ndani?" Nikanyamaza. Akajijibu mwenyewe. Akasema: jahazi likipasuka ubao, hupachiki mpya juu ya mbovu. Unautoa mbovu. Unakwangua pamba ya zamani yote kwenye mwanya, ndipo upige kalafati upya. Ukipiga kalafati juu ya pamba iliyooza, maji yataingia kabla hujafika Manda.

Ndugu zangu, mwanamume huyu hajasoma baiolojia hata siku moja. Alichokieleza ndicho hasa kinachotokea. Nyuzi za fahamu zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini. Mshipa ukikatwa, mabaki ya mayelini hubaki njiani kama pamba iliyooza. Kuna seli zinazoishi humo humo mshipani, za Schwann, zinazoanza kuyavunja. Kisha, ndani ya siku chache tu, seli walaji humiminika kutoka kwenye damu, ndugu wa wale wa kiti cha pweza, wanakula takataka na njia inafunguka. Seli za Schwann zikajipanga mstari, zikawa kama kuta za kichochoro. Nyuzi changa zikapita katikati. Wanyama wa maabara waliozuiwa seli walaji wasifike, mishipa yao ilichelewa kupona.

Hapa nataka kurudisha neno langu. Nilianza kwa kusema askari. Sote husema hivyo, na vitabu vya shule vimejaa askari na maadui. Silipendi tena neno hilo. Katika mkono wa fundi hapakuwa na adui hata mmoja, palikuwa na takataka. Waliokuja ni wafagizi. Shida yao ni kwamba wanafagia wakiwa na mapanga kiunoni.

Kidole cha fundi leo kinasikia. Si kama zamani, baridi hukiuma, lakini kinasikia. Chai anaijaribu kwa ulimi.

Sasa nije kwenye habari nzito, na mama zangu mnisamehe. Kijana mkwezi, upande wa bara, alipanda mnazi uliokuwa na umande akateleza. Pingili ya mgongo ikavunjika. Watu waliompenda wakamkimbilia, mmoja akamshika kwapa, mwingine miguu, wakambeba amejikunja katikati. Sijui kama miguu ilikufa mnazini au ilikufa katika kubebwa, na sitaki wale waliombeba wakae na swali hilo. Ila wewe unayenisikia leo: mtu akianguka kutoka juu, usimkunje. Alale vivyo hivyo alivyo mpaka upatikane ubao, mlango, hata mlango wa nyumba ung'olewe, abebwe amenyooka, kichwa na shingo vimeshikwa visicheze.

Kijana yule yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mama yake aliniuliza: "Mkono wa fundi umepona. Miguu ya mwanangu kwa nini haiponi? Si mishipa hiyo hiyo?"

Swali hili lina zaidi ya miaka mia moja. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepewa Nobel mwaka 1906 pamoja na Mwitaliano Camillo Golgi, aliona kwamba nyuzi zilizokatwa ndani ya uti wa mgongo hujaribu kuota, kisha hukwama. Watu wakadhani nyuzi za ubongo na uti wa mgongo ni mgumba. Ikapita miaka mingi. Mwaka 1981, Samuel David na Albert Aguayo, huko Montreal, Kanada, walichukua kipande cha mshipa wa mguuni mwa panya wakakitia kama daraja kwenye uti wa mgongo wake. Nyuzi zilezile zilizoitwa mgumba zikaota ndani ya daraja. Zilipofika mwisho wa daraja, zikataka kuingia tena kwenye uti wa mgongo, zikasimama.

Mmeona? Msafiri mzima. Barabara mbovu.

Mwaka 1988 Martin Schwab, huko Zurich, akaonyesha kwamba mayelini ya ubongo na uti wa mgongo yenyewe ina kitu kinachozizuia nyuzi zisiote. Na wafagizi wako wapi? Huko ndani wapo wa nyumbani, waitwao maikroglia, jina walilopewa na Pío del Río Hortega mwaka 1919. Lakini mkononi njia husafishwa kwa siku na wiki. Kwenye uti wa mgongo takataka hukaa miezi, kwa binadamu hata miaka, na kovu linakua juu yake. Ni jahazi lililopigwa kalafati juu ya pamba mbovu.

Basi mtu atasema, kama kasoro ni uchache wa wafagizi, si tuwaongeze? Ndivyo alivyowaza Michal Schwartz wa Taasisi ya Weizmann, Israeli. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichukua seli walaji, wakaziamsha kwa kuziweka pamoja na mshipa wa mguuni, wakazitia kwenye uti wa mgongo wa panya uliokatwa. Baadhi ya panya wakarejewa na mwendo kidogo wa miguu. Wengi katika fani yetu walikasirika. Tulikuwa tumefundishwa kwamba uvimbe ndani ya uti wa mgongo ni balaa tupu.

Je, waliokasirika walikuwa wajinga? La. Nisikilizeni kwa makini hapa. Iko dawa ya maabara iitwayo zaimosani, inayotokana na ganda la hamira, hamira hii hii ya mahamri. Ukiitia karibu na nyuzi, seli walaji huja kwa hasira. Mwaka 2009 watafiti Marekani walionyesha kwamba seli walaji walioamshwa hivyo huzifanya nyuzi ziote ndefu zaidi, na wakati huo huo huziua seli za fahamu zilizo jirani. Wakati huo huo! Mkono wa kulia unapanda, wa kushoto unang'oa.

Kwa hiyo nilimjibu mama yule ukweli: leo hatuna dawa ya kumsimamisha mwanao. Nikamwomba pia asiuze shamba. Kuna watu wanauza sindano za seli shina, yaani seli changa ziwezazo kugeuka seli za aina nyingine, ng'ambo na hapa nchini, kwa bei ya shamba zima, wakiahidi watu waliovunjika mgongo kwamba watatembea. Wamekwenda niwajuao. Wamerudi na madeni. Anachohitaji kijana yule ni kugeuzwa kila baada ya saa chache asipate vidonda, kibofu kitunzwe kisiingie maradhi, na mazoezi. Hayana sifa, haya. Ndiyo yanayomweka hai.

Naona baridi inaingia, lakini hamuondoki mpaka niseme la tatu. Hili ndilo lililonileta.

Mna dawa nyumbani zinazoshusha uvimbe? Prednisoloni, deksamethasoni? Msinijibu, najua mnazo. Ziko madirishani, karibu na mshumaa. Pumu, prednisoloni. Kuwashwa, prednisoloni. Na upande wa pili wa dirisha kuna kopo la unga wa kuongeza kinga, lililotangazwa kwenye simu. Nyumba hiyo hiyo! Asubuhi unaiongeza kinga, jioni unaishusha. Unataka ifanye nini, ndugu yangu?

Hizi dawa za steroidi huwapunguza nguvu wafagizi na mapanga yao. Kwa miaka mingi madaktari walimpa mtu aliyeumia kichwa steroidi, ili ubongo usivimbe. Ikaonekana ni akili ya kawaida. Hatimaye ukafanywa utafiti mkubwa katika nchi 49, wakaingizwa majeruhi zaidi ya 10,000, nusu wakipewa methiliprednisoloni na nusu dripu isiyo na dawa. Walikuwa wamepanga kufika 20,000. Wakasimamisha njiani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: katika wiki 2, waliopewa dawa walikufa 21 katika kila 100, ambao hawakupewa, 18. Fikirieni ni majeruhi wangapi walipewa dawa hiyo duniani kabla ya hapo, kwa nia njema.

Na degedege? Bibi zetu walisema ni nyuni arukaye usiku juu ya paa. Mara nyingi, tukipima, tunakuta malaria, na pengine imefika ubongoni. Kilifi hapo, tangu mwaka 1989, watafiti wamewafuatilia watoto walioamka kutoka kwenye malaria ya ubongo, wakakuta baadhi wamebaki na kifafa au shida ya kusema. Steroidi nazo zilijaribiwa kwa malaria hiyo, Thailand, kwa wagonjwa 100, na matokeo yalichapishwa 1982. Waliopewa walikaa zaidi katika kuzimia.

Basi mtaniambia: tumekuelewa, steroidi ni sumu, tuzitupe baharini. Msizitupe.

Nilipokuwa mwanafunzi aliletwa mzee mmoja, mkono wake umekunjika vidole kama makucha. Alikuwa na ukoma, jedhamu ya wazee wetu. Alikuwa ameshatibiwa, vidudu vimekufa. Mkono ulikunjika baada ya dawa. Jamaa zake wakasema dawa ya hospitali ndiyo iliyomlemaza. Kituo alichokwenda kwanza, sikitaji, kilimpa vidonge vya maumivu kikamrudisha nyumbani, mara mbili.

Kidudu cha ukoma alikigundua Mnorwei Armauer Hansen mwaka 1873. Ni kivivu ajabu, huchukua karibu wiki 2 kugawanyika mara moja, na mpaka leo hakuna aliyeweza kukiotesha kwenye sahani ya maabara. Watu kama 95 kati ya 100 miili yao hukishinda bila wao kujua. Kwa hao wachache, kinakwenda kujificha wapi? Ndani ya seli za Schwann! Zile zile zilizomjengea fundi kichochoro. Kinakaa humo miaka, kimya. Kisha siku moja kinga inaamka, pengine katikati ya matibabu, pengine baada yake, inawaona vidudu, au mizoga yao, na wafagizi wanaingia mshipani na mapanga. Mshipa unavimba ndani ya ganda lisilotanuka. Anayeuharibu mshipa siku hiyo ni kinga yenyewe.

Na hapo, wazee wangu, hapo ndipo prednisoloni inapookoa mkono. Ganzi na udhaifu ambao haujapita miezi 6 mara nyingi hurudi nyuma ukitibiwa kwa dawa hiyo, kwa wiki nyingi, chini ya macho ya daktari. Mzee yule alifika mwaka wa pili.

Dawa moja. Kwenye kichwa kilichopigwa, inaua. Kwenye mshipa wa mkoma uliowaka, inaokoa. Na kuna ugonjwa wa tatu, ulioandikwa na Guillain, Barré na Strohl mwaka 1916 baada ya kuwaona wanajeshi wawili wa Ufaransa: mtu anaharisha, wiki moja au mbili baadaye miguu inalegea, kisha mikono, pengine na pumzi. Kinga imeuchanganya mshipa na kidudu cha tumboni. Ungedhani huu nao utasikia steroidi, kwa kuwa ni kinga tupu. Hausikii. Unasikia kuchujwa damu, au sindano za kingamwili kutoka kwa wachangiaji damu. Mtu wa namna hiyo mpandisheni boti usiku huo huo, msingoje kuche, na msimngoje mganga.

Shangazi, uko wapi? Ulipouliza "wakishaingia?" ulitaka jibu fupi. Ndilo hili nililo nalo.

Jambo la mwisho halihitaji hadubini. Ukoma haujaisha Pwani. Dawa zake ni bure, miezi 6 au 12, na anayezimeza haambukizi. Dalili yake ya kwanza ni baka lililofifia rangi lisilouma, lisilowasha, lisilosikia. Kwa kuwa haliumi, watu hukaa nalo. Kulipima ni hivi: unafumba macho, mwenzako anakugusa kwa ncha ya pamba juu ya baka na pembeni yake, nawe unaonyesha kwa kidole ulipoguswa.

Najua hakuna atakayesimama mbele ya watu wote hawa akasema analo. Kwa hiyo taa za hapa zitazimwa, nami nitahamia kwenye daka la nyumba ya shangazi. Mlango utakuwa wazi mpaka usiku wa manane, kina mama watapokewa na mke wangu, ambaye ni muuguzi. Pamba ninayo mfukoni. Fundi wa Matondoni ndiye aliyenipa, ya kalafati, safi, haijaguswa na sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka majahazi.